Kamusi Niliyoihifadhi

Mwanangu Swafiya,

Barua hii haina stempu wala safari ndefu. Inatoka meza ya ukumbini hadi chumbani kwako. Wewe umekwenda Kibokoni na shangazi yako kuwaaga jamaa, na mimi nimesali alasiri nikaona nikae niandike kabla hamjarudi, maana nikikutazama usoni najijua, nitaanza kuzungumzia koti. Koti, pasipoti, chakula cha halali, nambari ya yule binti wa Bondeni aliyeko Ujerumani: yote hayo shangazi yako ameyasema, na atayasema tena kesho uwanja wa ndege. Mimi simo.

Nataka kukwambia habari ya mamako. Jumamosi, wageni walipokuja kukutakia heri, mmoja alikuuliza kama huogopi kwenda kuuguza wazee wa watu. Ukacheka, ukasema, "Mimi si kama mama. Mama alikuwa mkaidi, aliogopa hospitali mpaka ugonjwa ukamshinda." Ulisema kwa upole, kama mtu aliyekwisha kusamehe. Wageni wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa nikimimina kahawa, nikaendelea kumimina. Miaka tisa nimekuwa nikiyasikia maneno hayo katika nyumba hii, na kila mara nilipata kitu cha kumimina.

Uliyoyasema si kweli, na aliye hai anayejua kuwa si kweli ni mimi peke yangu. Kwa hiyo nisome mpaka mwisho, hata pale utakapotaka kuitupa karatasi.

Itabidi nianze mbali kidogo, nianze na kamusi.

Unajua watu wa mtaa huniita Mwalimu Kamusi. Jina hilo umelikuta, labda wadhani ni la heshima tupu. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita, nimetoka chuoni na juzuu kadhaa za Kurani kifuani, na shule ya serikali nilikuwa nimeiacha mapema kwa sababu babu yako hakuiona faida yake. Njia ya kujifunza niliyoijua ilikuwa moja tu, kuhifadhi. Maalimu anasoma, nawe wasoma, unayumba mbele na nyuma, unarudia mpaka ulimi uende wenyewe; maana itakuja baadaye, na isipokuja thawabu yako ipo. Kwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu njia hiyo haina kasoro. Mjinga ni mimi niliyeichukua nikaipeleka kwa Kiingereza.

Kamusi yenyewe niliipata karibu na Marikiti, kwa mtu aliyetandaza vitabu chini pamoja na viatu na vikombe. Haikuwa na jalada, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimeng'oka. Nikaanza kuihifadhi, kurasa tano kwa wiki, Kiingereza upande huu, Kiswahili upande ule, nikiyumba. Babu yako alikuwa akiishika mkononi, anafungua popote, anataja neno kwa matamshi yake, nami naendelea na yanayofuata mpaka aninyamazishe. Kiingereza hakukijua, lakini alifurahi kuona siruki. Barazani nikawa mchezo wa watu. Mtu akitaja neno, nilimtolea maana yake, na neno lililo juu yake, na lililo chini yake. Nimenyweshwa kahawa nyingi sana kwa kazi hiyo.

Katika miaka yote hiyo sikuzungumza Kiingereza na binadamu hata mmoja. Sikuona haja. Nilidhani lugha ni shehena, ukishaipakia yote umemaliza.

Nikaitwa kwenye ofisi moja ya meli kufanyiwa usaili. Nilivaa suruali ya kuazima na moyo mkubwa. Yule bwana alinikaribisha kiti, akaniuliza jambo dogo tu, nijieleze mimi ni nani na natoka wapi. Swafiya, maneno yote ya jibu lile nilikuwa nayo. Nilijua na ukurasa wake. Lakini hayakuja pamoja. Yalikuja moja moja, kila moja na majirani zake wa kwenye kamusi, nami nikawa nayatoa vile vile yalivyokuja. Yule bwana alingoja, kisha akatazama saa, kisha akaita mwenzake aje asikilize, na wote wawili wakawa wanauma midomo ili wasicheke. Kazi niliyopewa ni ya ghalani Shimanzi, karani wa kutia alama magunia yanayoshuka kwenye lori, na hapo hapo ndipo nywele zangu zimeota mvi. Nyumbani nilisema ofisi nimeikataa mwenyewe kwa sababu hawaruhusu mtu kwenda kusali Ijumaa. Watu walinisifu. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza juu ya Kiingereza, na ulivyonikalia vizuri nikazoea.

Sasa mtazame mamako. Alipoolewa nami alijua Kimvita chake na kusoma Kurani, basi. Baada ya miaka mitatu nikamkuta jikoni kwa Mama Kokila, jirani yetu wa juu, wakikaanga bajia na kusengenya kwa Kigujarati. Marikiti alikuwa akinunua mboga kwa akina mama wa Kikamba, na kwa Kikamba chao alikuwa akibishana nao mpaka wanamwongeza fungu. Hakushika kitabu hata siku moja. Aliinua kitu juu akauliza, "Hii kwenu mwaitaje?" Wakamwambia, akakosea kulitamka, wakamcheka, naye akacheka kuliko wao, akalirudia. Hilo ndilo darasa lake lote. Mimi nilikuwa nikisimama pembeni na kikapu, naona aibu kwa niaba yake. Nilimwambia ule si ujuzi, ni kuokoteza. Ndiyo maneno niliyotumia.

Na aliniomba. Wewe ulikuwa ungali unatambaa. Aliniambia, "Baba Swafiya, nifunze na mimi hicho Kiingereza, nami nisimame na watu." Nikamletea kamusi, nikamfungulia ukurasa wa kwanza uliobaki, nikamwambia ahifadhi huo kwanza kisha tuzungumze. Siku ya tatu aliniwekea kamusi mezani. "Kitabu hiki nakiuliza, hakinijibu," alisema. "Zungumza na mimi wewe." Nikacheka, nikamwambia hana subira ya elimu. Kweli ni kwamba nisingeweza kuzungumza naye, kwa kuwa sikujua kuzungumza. Na kuna kweli nyingine mbaya zaidi: nilifurahi. Barua za shule, za bima, za korti ya mirathi ya babu yake, zote zingepitia kwangu. Mtu anayekufasiria dunia hukuona mdogo hata akikupenda, na mimi nilimpenda.

Nimekusikia miezi hii, mwanangu. Mlango wako haufungiki vizuri. Nimekusikia ukisoma maneno ya Kijerumani kwenye simu, neno na maana yake, neno na maana yake, na siku moja nilipopita nilikuona unayumba. Mwili umeurithi kwangu. Ulipofaulu mtihani na shangazi yako akapiga vigelegele, mimi niliingia msalani nikafungua maji ili nisisikike. Nilimwona mtu yule yule akitoka kwenda ofisi ya meli na suruali ya kuazima.

Sikwambii utupe kamusi, wala sikwambii uifute ile programu ya simu yako inayofasiri. Ningekuwa mjinga mara mbili. Neno ulilolisikia kwa mtu, ukalikosa, ukarudi nalo chumbani kulitazama, hilo kamusi itakuelezea vizuri na litakaa, kwa kuwa lina sura ya mtu aliyelisema. Ninachokiogopa ni mtu kujificha nyuma yake. Wewe Kijerumani unakipeleka kwanza kwenye Kiingereza cha shule, kisha unakileta kwenye Kiswahili, ndipo ufahamu. Na huku nyuma mwenye kusema amekwisha kufika mbali. Na utakapoona amefika mbali, utatikisa kichwa kana kwamba umefahamu. Hicho kichwa ndicho nataka kukusimulia.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Mamako alipata uvimbe karibu na kwapa, hakunificha. Tena ni yeye aliyesema twende hospitali. Nakuomba usome sentensi hiyo mara mbili. Alijitayarisha alfajiri, akavaa buibui jipya, tukaenda kwenye hospitali moja hapa hapa kisiwani, tukakaa kwenye foleni mpaka karibu na adhuhuri.

Daktari alikuwa msichana wa bara, hajakupita sana umri ulio nao leo. Alimpima mamako kwa upole sana. Alipomaliza aliketi, akatutazama wote wawili, akaniuliza kwa Kiswahili, "Mzee, niwaelezee kwa Kiswahili ama kwa Kiingereza?"

Lile swali, Swafiya. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na aliyeufungua ni daktari mwenyewe. Lakini nyuma yetu walikuwa wameketi watu wawili wa mtaa wetu, na pazia la chumba kile lilikuwa kitambaa tu. Mwalimu Kamusi aambiwe mambo kwa Kiswahili kwa sababu hajui Kiingereza? Nikamjibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika nje, kwamba aseme Kiingereza tu, mimi nitamfasiria mke wangu.

Akasema. Alikuwa na watu wengi, akasema kwa haraka. Neno likinifikia, nalijua, namshukuru Mungu, hili liko ukurasa fulani upande wa kushoto. Na mimi ningali kwenye ukurasa huo, mengine manane yamepita. Nilishika hili nikaacha lile. Uso wake ulikuwa mzito, hilo nililiona, na uso hauhitaji kamusi, lakini sikuuamini uso. Akaniuliza kama tumefahamu. Nikatikisa kichwa kukubali. Akauliza tena, akimtazama mamako. Nikatikisa tena, zaidi. Akanipa karatasi mbili.

Tulipotoka kwenye korido mamako alinishika mkono wa kanzu. "Yuwasemaje? Kuna ubaya?"

Ningeweza kusema sikufahamu. Ningeweza kugeuka, hatua kumi tu, nimwambie yule binti: mwanangu, rudia kwa Kiswahili. Badala yake nilikumbuka mzee mmoja wa Kuze aliyekuwa na uvimbe wa mafuta shingoni, akaishi nao miaka ishirini. Nikauazima ugonjwa wa mtu nikampa mke wangu.

"Hakuna neno," nilimwambia. "Ni mafuta tu. Wapewa dawa, upumzike."

"Alhamdulillahi," alisema. Akacheka. Njiani akataka tupite Marikiti kununua maembe, nikamnunulia.

Karatasi moja niliitoa kwenye dirisha la dawa, wakatupa vidonge vya maumivu. Ya pili hawakuitaka, wakanirudishia. Nyumbani niliifungua juu ya kamusi. Maandishi yalikuwa yamekimbizwa, na yale niliyoweza kuyasoma yalikuwa herufi mbili mbili na tatu tatu, vifupisho vya kihospitali ambavyo kamusi yangu haikuvijua. Mtoto wa Mama Kokila alikuwa akisoma udaktari na likizo ile alikuwa nyumbani, ghorofa moja juu yetu. Ngazi kumi na nne. Sikupanda. Niliikunja karatasi nikaitia ndani ya kamusi, nikaifunga.

Tulirudi hospitali baada ya miezi saba, alipokuwa hawezi tena kuinua mkono. Safari hiyo alitupokea muuguzi wa makamo, mtu wa pwani kama sisi. Alifungua faili, akasoma, akamtazama mamako kwa hasira. "Mama, hapa imeandikwa ukatwe kinyama kipimwe wiki ile ile. Ulipewa karatasi uipeleke chumba cha pili. Mbona hukuenda?"

Mamako aligeuza uso akanitazama. Wallahi nimetazamwa na watu wengi katika maisha yangu, mabosi na madereva wa malori na askari wa Makupa, lakini sijatazamwa vile. Aliyaelewa yote pale pale, bila mtu kumfasiria.

Kisha akamgeukia muuguzi. "Ni mimi," alisema. "Mume wangu alinambia, nikakataa. Naogopa hospitali."

Yule muuguzi alimkemea, Swafiya. Alimkemea mbele ya watu, akamwambia wanawake wa Mji wa Kale wana ukaidi, wanajiua wenyewe kisha wanakuja kuwasumbua madaktari. Mamako aliinamisha kichwa akapokea kila neno. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimemshikia mkoba.

Alisema nami kwenye tuktuk, tulipofika Makadara. "Usimwambie Swafiya," alisema. "Wewe ndiwe unayemsomesha. Akijua, hatakusikiza tena." Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Ungenambia hukufahamu. Ningemuuliza mwenyewe. Kiswahili yule binti yuwakijua."

Hakulisema tena mpaka anaondoka duniani. Sikupata hata kumwomba radhi vizuri. Nilipoanza, alinituma maji. Kwenye matanga wanawake walisema Maimuna, Mungu amrehemu, alikuwa mkaidi, na wewe ulikuwa umeketi katikati yao unasikia. Nilisikia nami, kutoka upande wa wanaume. Nilijiambia nanyamaza kwa sababu ameniomba. Mtu akitaka kuwa mwoga na akapata wasia wa marehemu wa kujifunika nao, atalala vizuri tu. Nililala vizuri miaka tisa, mpaka ulipofaulu mtihani.

Sijui kama kuujua ugonjwa mapema kungemwokoa. Wewe utalijua hilo kuliko mimi, kazi yako ni hiyo. Labda alikuwa amekwisha kuchelewa hata siku ile ya kwanza. Lakini miezi ile saba ilikuwa yake. Angeitumia kwa matibabu, au kwa dua, au kukaa na wewe na kukwambia mambo ambayo mama humwambia binti. Aliitumia kupaka mafuta ya nazi uvimbe niliomwambia ni wa mafuta.

Huko uendako utaingia chumba cha bibi wa watu asubuhi, naye atakwambia jambo kwa Kijerumani cha kijijini kwao, upesi, na meno hana. Hutalipata. Utakuwa na vyeti vyako ukutani, na wenzako watakuwa mlangoni, na watakuwa wanajua kuwa wewe ndiwe yule Mwafrika aliyefaulu vizuri. Kichwa chako kitataka kutikisika. Mwambie hukufahamu. Mwambie arudie. Mwambie aonyeshe kwa kidole panapouma. Watakucheka, wacha wakucheke, mamako alichekwa na Marikiti nzima na alikuwa na lugha tatu. Mimi sikuchekwa na mtu tangu siku ya ile ofisi ya meli, nilijilinda vizuri sana, na unaona nilichokilinda.

Nimepewa sifa nyingi nisizostahiki kwa ajili yako, kwamba nimekulea peke yangu, kwamba nimekusomesha kwa mshahara wa ghalani. Watu watazisema tena kesho. Ukitaka kuzikanusha, zikanushe, sitakuzuia.

Nilifikiria kuitia barua hii ndani ya sanduku lako uisome ukiwa mbali. Ingekuwa rahisi kwangu. Nimeona nisijifiche tena, mara hii nyuma ya ndege. Nitakupa mkononi mkirudi, kabla ya magharibi, uisome mimi ningali nyumba hii. Nitakuwa nje barazani. Ukitaka kuja kunitukana, njoo, nitaketi nikusikilize. Ukitaka kuondoka kesho bila kuninyooshea mkono, sitakuuliza kwa nini, na shangazi yako nitamweleza mimi mwenyewe, kwa Kiswahili.

Ila mama yako usimwite mkaidi tena, wala usimwachie mtu amwite. Alitaka kwenda hospitali, akaenda. Alitaka kujua, akauliza. Hakukataa matibabu, Swafiya. Hakuambiwa.

Mimi babako.